Jiwe Langu pale Chala: Utangulizi wa Elimu ya Majira ya Viumbe

Ukitoka Moshi mjini, ukapita Himo na kushika njia ya Holili, utaona migomba ikipungua na vumbi likizidi. Kabla ya kufika mpakani unapinda kushoto, na njia ya udongo inakupeleka hadi kilima cha kawaida tu, chenye vichaka na mawe. Panda hatua za mwisho. Hapo ndipo utakapogundua kwamba kilima kile ni mdomo wa shimo, na ndani ya shimo mna ziwa. Hilo ndilo Chala, ziwa la kreta lenye eneo la kilomita za mraba 4 na kidogo na kina cha zaidi ya mita 90. Mpaka umelikata: upande mmoja Tanzania, upande wa pili Kenya. Hakuna mto unaotoka humo. Maji yake mengi huja kwa njia ya chini, nayo ni mvua iliyonyesha juu kwenye msitu wa Kilimanjaro, ikapenya kwenye miamba na kuteremka gizani.

Nina jiwe langu pale ukingoni, upande wetu wa Rombo. Katika siku zangu za mwanzo mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alinikuta nimelikalia, daftari likiwa pajani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mwalimu, umepoteza nini hapa?"

"Sijapoteza kitu, babu. Natazama."

"Unatazama nini, na pamekauka hivi?"

Nikamwonyesha mbambara uliokuwa mtupu wiki mbili kabla, na sasa ulikuwa na ncha za kijani kila tawi, ingawa tone la mvua lilikuwa halijaanguka. Akacheka. "Huo unajua mvua inakuja. Hata mbuzi wanajua."

Kitabu hiki, kwa ufupi, ni jaribio la kuyachukua maneno ya mzee yule kwa uzito yanaostahili. Mti unajuaje? Unajua kweli, au unabahatisha kama sisi? Na nani ameandika tarehe?

Elimu inayouliza maswali hayo inaitwa fenolojia. Jina lilitungwa na Charles Morren, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, mnamo 1849, lakini kazi yenyewe ni ya kale kuliko jina. Mtaalamu wa mimea hutaka kujua huu ni mti gani. Mwanafenolojia hutaka kujua umechanua lini, na kwa nini si mwezi uliopita. Lini ndege wamerudi, lini kumbikumbi wameruka, lini vyura wameanza kelele, lini maji yamegeuka rangi. Huhitaji darubini. Unahitaji mahali pamoja, macho, kalamu na ukaidi kidogo.

Kabla hatujaenda mbali, naomba tuondoe takataka moja mlangoni. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mwaka una majira manne, na tafsiri zikatuchanganya: masika ikawa jina la majira ya Ulaya ya kuchipua, kipupwe ikawa majira yao ya theluji, na vuli ikawa majira ambayo majani hupukutika. Mtoto wa Moshi anayesoma kwamba vuli ni wakati wa miti kupukutisha majani, akitoka nje mwezi Novemba anaona kinyume chake kabisa: kila kilichokuwa kikavu kinachipua. Mtoto ana akili, kwa hiyo anaamini kitabu na kuacha kutazama mti. Nadhani hakuna kosa la tafsiri lililotugharimu zaidi katika somo hili. Vuli yetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, masika ni mvua ndefu za Machi hadi Mei. Katikati kuna kiangazi cha Januari na Februari, na baada ya masika kuna kipupwe, baridi ya Juni hadi Agosti, wakati ambapo Moshi inaweza kukaa siku kadhaa bila kuuona mlima wake kwa sababu ya mawingu.

Msomi wa nchi za baridi anaweza kukuambia kwamba kwetu hakuna majira ya kuzungumzia. Ana sababu. Kwao urefu wa mchana hubadilika kwa saa nyingi kati ya Juni na Desemba, na mimea husoma mabadiliko hayo kama mtu asomavyo saa ya ukutani. Chala iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa ni kama dakika 20 tu. Kinachotawala hapa ni mvua na pepo. Miezi ya kati ya mwaka hutawaliwa na kusi, upepo wa kusini-mashariki. Kuanzia Novemba hivi kaskazi hushika zamu. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na mvua hulifuata, ndiyo maana tuna misimu miwili ya kupanda.

Mlima nao huvuruga hesabu. Msitu wa upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Chala, iliyo karibu mita 880 juu ya usawa wa bahari, hupata kama 600. Familia nyingi za Rombo zinaijua tofauti hiyo kwa miguu: kihamba kipo juu penye migomba na kahawa, shamba la mahindi na maharage lipo chini porini, na mama anayeteremka na jembe mwezi Machi anavuka majira mawili ndani ya asubuhi moja. Kwa hiyo usimwulize mtu wa Kilimanjaro "mvua zimeanza?" bila kumwuliza kwanza amesimama wapi.

Sasa turudi kwenye jiwe, maana kuna jambo la Chala ambalo lilinifanya niwe mtu wa fani hii moja kwa moja.

Kusi linapovuma kati ya Juni na Septemba, maji ya juu ya ziwa hupoa. Maji yaliyopoa ni mazito, hivyo huzama, na upepo husaidia kuyakoroga. Virutubisho vilivyokuwa vimelala chini hupandishwa juu kwenye mwanga. Hapo viumbe vidogo mno viitwavyo diatomu hushangilia. Hivi ni vimea vya chembe moja ambavyo hujijengea gamba la silika, dutu ile ile inayotengenezewa kioo. Huzaana kwa wingi hata maji yakapoteza ung'avu wake, kisha hufa na kunyesha taratibu hadi sakafuni, na kuacha utando mweupe. Kaskazi likirudi na joto likipanda, ziwa hujigawa matabaka: maji ya moto juu, ya baridi chini, wala hayasalimiani. Sasa kinachoshuka ni mabaki ya viumbe yaliyooza, yenye rangi nyeusi. Mwaka mmoja, mstari mweupe na mstari mweusi. Na kwa kuwa kule chini hakuna oksijeni, hakuna mnyoo wala mdudu wa kulivuruga tope. Mistari hukaa ilivyolala, mmoja juu ya mwingine, kama kurasa.

Mwaka wenye kusi kali na ukavu huacha mstari mnene; mwaka wa mvua nyingi na upepo dhaifu huacha mwembamba. Mwaka 2011 watafiti walichapisha katika jarida la Science hesabu ya mistari hiyo, wakaonyesha kwamba inafuatana na El Niño na La Niña za Bahari ya Pasifiki, na kwamba wakati wa enzi ya barafu mvua za Afrika Mashariki hazikuwa zikiyumba mwaka hadi mwaka kama zinavyoyumba sasa. Mwishoni mwa 2016 timu ya mataifa mbalimbali, iliyoongozwa na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, iliweka mtambo juu ya maji na kutoboa sakafu ya ziwa. Walitoa tope la zaidi ya mita 200, kumbukumbu ya takriban miaka 250,000.

Wazee wa kandokando wana hekaya ya kijiji kilichozama Chala, na kwamba ukitega sikio utasikia ng'ombe na kuku wake. Sijawahi kuwasikia. Lakini tangu nilipojua habari ya mistari ile, silitazami ziwa lile kama mandhari. Nalitazama kama mwenzangu wa kazi, mwenye daftari refu kuliko langu na asiyekosa siku.

Binadamu pia wamejaribu. Huko Japani, makuhani wa Shinto kando ya ziwa Suwa wamekuwa wakiandika tangu 1443 ni siku gani barafu ya ziwa hupasuka na kuinuka kama ukuta. Leo kumbukumbu hiyo ni hazina, kwa sababu miaka ambayo ziwa haligandi kabisa imekuwa mingi. Kwetu pwani, mwaka wa kale wa Waswahili ulianza Siku ya Mwaka na kugawanywa kwa siku kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, na kwa kuhesabu miongo mkulima alijua wakati wa kupanda na mvuvi alijua pepo zake. Watu wa Makunduchi, Unguja, bado husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai, ingawa watalii wanaokwenda kutazama watu wakichapana kwa migomba hawaambiwi kwamba nyuma ya mchezo huo kuna kalenda nzima ya kilimo.

Na mkulima wa kahawa, je? Huyu ni mwanafenolojia bila cheti. Vichipukizi vya maua ya arabika hulala usingizi wakati wa ukavu; mvua ya kwanza ya maana huviamsha, na baada ya wiki moja hadi siku kumi kihamba kizima hunukia kama asmini. Maua hudumu siku mbili tatu. Mkulima akijua tarehe hiyo, amejua karibu na mwezi wa kuchuma, kwa kuwa tunda huchukua kama miezi minane au tisa. Mvua ikija vipande vipande, mti huchanua vipande vipande, na mchumaji atapita shamba lile lile mara sita akiokota buni mbivu moja moja kati ya mbichi. Hasara ya kahawa mara nyingi huanza kwenye tarehe.

Ndege nitawapitia haraka, kwa kuwa wana sura yao mbele. Mbayuwayu wa Ulaya hufika kwetu kuanzia Septemba na Oktoba na kuondoka Machi na Aprili, na korongo weupe nao huwa wageni wa miezi hiyo hiyo. Kwera wa Taveta, ndege wa manjano ya dhahabu aliyepewa jina la mji ulio ng'ambo ya mpaka, ni mwenyeji. Yeye umtazame anaposuka kiota.

Kuhusu namna ya kuandika, nitakusimulia kosa langu badala ya kukuhubiria. Miaka yangu miwili ya kwanza imejaa maneno kama "migunga imechanua, inapendeza". Migunga ipi? Wa kushoto mwa njia, au ule wa kwenye korongo unaofikia maji kwa mizizi? Ua moja, au mti mzima? Kurasa zile sasa hazinifai kitu. Chagua miti michache, uipe namba, uirudie ile ile. Andika tarehe kamili. Andika pia siku ambayo hukuona chochote, maana "bado" ni taarifa: bila hiyo huwezi kujua kama ua lilifunguka jana au lilikuwepo majuma matatu ukiwa umelala nyumbani.

Utaulizwa pia kuhusu mabadiliko ya tabianchi, tena mapema. Kilimanjaro imepoteza asilimia 85 ya eneo la barafu yake kati ya 1912 na 2007, na kila mgeni anataka mti wa Chala uthibitishe habari hiyo hiyo. Usikubali kusukumwa. Vuli ya 1997 na ya 2019 zilifurika. Kati yake kuna vuli zilizokauka. Daftari la miaka mitano katika nchi ya mvua zinazoyumba namna hii haliwezi kutoa hukumu, na anayesema linaweza anauza kitu. La miaka thelathini linaweza. Ndiyo maana fani hii ni ya watu wengi na vizazi vingi, na ndiyo maana nakukaribisha.

Nina ombi moja. Mashamba ya zamani ya kahawa, misheni kongwe za mlimani, shule zilizokuwa na kipima mvua uani, na wazee waliopenda tu kuandika, wote waliacha madaftari: lini mvua, lini maua, lini mavuno. Mengi nimeyakuta yakichanwa ukurasa kwa ukurasa kufungia karanga na maandazi stendi ya mabasi. Kama nyumbani kwenu kuna daftari la namna hiyo, hata la miaka miwili, hata lililoliwa na mchwa pembeni, msiliuze. Pigeni picha kurasa zake, kisha mlirudishe sandukuni.