Pikipiki ya Marehemu

Hapa kwetu Likoni, msomaji, nilikuwa nikiwahesabu vijana wa bodaboda kuwa watu wa fujo tu. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, kila pembe ya mji ina steji yao, na kelele zao.

Basi mwaka huu jirani yangu mmoja, kijana mwenye mke na watoto wawili, alifariki barabarani. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na deni la miezi minne lilikuwa bado. Jeneza lilipotoka msikitini, wenzake wasiokuwa Waislamu walikuwa wamesimama nje, helmeti mkononi, wakingoja zamu ya kubeba.

Baada ya khitma, mwenyekiti wa steji akabisha hodi kwa mama wa marehemu. "Mama, pikipiki hii haitachukuliwa. Tutaiendesha kwa zamu."

Wakaiendesha. Miezi minne na siku kumi za eda, kila magharibi mmoja alileta hesabu barazani kwangu, nami nikaandika daftarini. Fungu la kwanza likaenda kwenye deni, lililosalia likanunua unga na maziwa. Siku mbili tu hazina hesabu, nazo ni za mvua.

Sisemi ni malaika. Mmoja wao akigongwa, humzingira mwenye gari hata kabla ya kuuliza nani mkosa. Nimewakemea, wakacheka.

Deni limekwisha. Jana kijana kaja tena na hesabu. Nikamwambia pikipiki sasa ni ya mjane. Akajibu, "Najua, ami. Andika."