SI KILA UVIMBE WA INI NI KANSA



Pengine ulikwenda hospitali kwa maumivu ya tumbo, daktari akakupima kwa ultrasaundi, kisha akakuambia una uvimbe kwenye ini. Tangu siku hiyo hupati usingizi. Jirani mmoja anasema ni kansa, mwingine anasema umerogwa. Kabla hujauza mgao wako wa chakula ili ununue dawa, soma kwanza makala hii.

Uvimbe huu ni nini?

Kuna uvimbe wa ini usio kansa unaoitwa hemanjioma. Ni vijishipa vya damu vilivyojikusanya pamoja kama sifongo iliyojaa damu. Hauambukizi wala haugeuki kuwa kansa. Huonekana zaidi kwa watu wazima wa miaka 30 hadi 50, na kwa wanawake kuliko wanaume. Wengi wanao bila kujua, maana hauumi, na mara nyingi hauzidi sentimita 5. Ni watu wachache sana ambao kwao hukua mpaka kuzidi sentimita 10. Hao wanaweza kusikia maumivu chini ya mbavu za kulia, kichefuchefu, au kushiba upesi.

Daktari anajuaje?

Anajua kwa kuangalia picha.

1. Ultrasaundi. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi wala haiumizi. Mara nyingi hemanjioma huonekana kama doa jeupe lenye mpaka ulio wazi.

2. CT skani. Hutumia mionzi ya eksirei. Unadungwa dawa maalumu kwenye mshipa wa mkono, kisha unapigwa picha kadhaa. Dawa huingia kwenye hemanjioma kuanzia pembeni, ikijaa polepole kuelekea katikati. Kansa inayoanzia kwenye ini kwa kawaida hupokea dawa hiyo haraka na kuiachia haraka. Kama una mimba, ugonjwa wa figo, au dawa fulani hukudhuru, mwambie mhudumu kabla ya kupimwa.

3. MRI. Hutumia sumaku, haina mionzi. Katika baadhi ya picha zake hemanjioma hung'aa kama balbu ya taa.

Usishangae daktari asipokata kinyama cha uvimbe ili kukipima. Uvimbe huu umejaa damu, na kuuchoma sindano kunaweza kuufanya uvuje.

Nani anahitaji kipimo zaidi?

Ni mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B au C, mwenye ini lililosinyaa na kuwa gumu, au aliyewahi kuugua kansa yoyote. Kwake yeye doa jeupe linaweza kuwa kitu kingine, kwa hiyo ultrasaundi peke yake haitoshi. Ukipewa rufaa ya kwenda hospitali kubwa, usiikatae kwa kuogopa safari.

Wewe ufanye nini?

- Mwulize daktari: uvimbe una sentimita ngapi, na nirudi lini? Hemanjioma ndogo isiyo na dalili haihitaji dawa wala upasuaji. Upasuaji hufikiriwa pale uvimbe ni mkubwa na maumivu hayaishi.
- Tunza karatasi ya majibu pamoja na kadi yako ya mgao, kwenye mfuko wa plastiki. Ukirudi nyumbani au ukihamishiwa nchi nyingine, daktari mpya atalinganisha picha ya zamani na ya sasa. Uvimbe usiobadilika ni habari njema.
- Usikubali kuchanjwa chale juu ya tumbo. Wembe haufiki kwenye ini, lakini wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kukuletea homa ya ini aina ya B, ugonjwa unaoharibu ini lenyewe.

Njoo hospitali mara moja ukiona macho ya njano, tumbo kujaa maji, kukonda bila sababu, homa isiyoisha, kutapika damu, au maumivu makali ya ghafla. Dalili hizo si za kusubiri.

Ukiwa na swali, mwone mhamasishaji wa afya wa eneo lako. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani asiyejua kusoma. Huenda naye ana karatasi kama yako, na anaogopa kuuliza.