Picha Hazikai Kwenye Namba

Swali huja hivi, na siku ya soko huja zaidi ya mara moja: "Fundi, namba ni ileile. Nimebadilisha simu tu. Mbona picha hazirudi?"

Anayeuliza amesimama mbele ya meza yangu hapa Bwegera, kando ya barabara iendayo Uvira, simu mpya mkononi, nailoni bado iko kwenye kioo. Karti ya simu ameichomoa kwenye ile ya zamani, au ametengenezewa nyingine yenye namba yake baada ya ya kwanza kupotea. Ameingia WhatsApp, ameandika namba, na magrupu yake yamejitokeza: la familia, la kanisa, la ushirika wa mpunga. Picha hakuna hata moja. Sasa anaamini kuna kifungo ninachokijua mimi peke yangu, na kwamba sitakibonyeza mpaka nilipwe.

Hakuna kifungo. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, nami naliandika ili nisilijibu tena mbele ya mtu anayelia. Maana wanalia. Tangu 2025 limezidi. Mwezi wa pili vita vilipofika Bukavu, na tena Desemba vilipofika Uvira, watu wa bonde hili walivuka Ruzizi kwa maelfu kuingia Burundi. Simu zilizama mtoni, ziliporwa njiani, ziliuzwa kambini ili watoto wale. Mtu amerudi na namba yake kichwani, akadhani amerudi na picha za mama yake.

Imani hii ina chimbuko, nalo si ujinga. Ni pesa. Weka karti yako ya Vodacom au Airtel kwenye simu yoyote, hata ya vifungo, na pesa yako ya M-Pesa au Airtel Money iko palepale. Mtu mwenye akili timamu akishayaona hayo kwa miaka kumi atasema: vitu vyangu vinakaa kwenye namba. Lakini pesa haijawahi kukaa kwenye karti. Iko kwenye daftari la kampuni, na namba ni jina lako katika daftari hilo. Kampuni imeandika salio lako kwa sababu ndiyo kazi yake. Picha ya ubatizo wa mwanao hakuna kampuni iliyoiandika popote, kwa kuwa hukuipa.

Karti yenyewe ipime kwa macho. Karti ya kawaida ina nafasi ya kilobaiti 128, nyingine pungufu. Inatosha majina ya watu, ujumbe mfupi kidogo, na siri zinazoitambulisha kwenye rezo, yaani mtandao. Picha moja ya simu ya leo ni mega 3, yaani kilobaiti kama 3,000. Ungehitaji karti zaidi ya 20 kubeba picha moja tu. Bado mwezi uliopita mzee mmoja alinikabidhi karti iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa heshima kama mtu anayekabidhi hati ya shamba, akaniambia: "Humu mna harusi ya binti yangu." Nilikosa pa kuelekeza uso.

Wengi wakishakubali kuhusu karti wanahamia ngome ya pili: basi ziko WhatsApp, kwani magrupu yamerudi. Hapa naomba usome polepole. Magrupu yanarudi kwa sababu mashine za WhatsApp zinahifadhi orodha ya nani yumo katika grupu gani. Orodha tu. Picha unapomtumia dada yako, inafungwa kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe haina, inapita kwenye mashine zake, inashuka katika simu ya dada, na kazi ya mashine imekwisha. Ujumbe ambao haujafika hungojeshwa siku 30, kisha hufutwa. Ndiyo maana ukigusa picha ya zamani ambayo hukuwahi kuishusha unaambiwa umwombe aliyeituma aitume tena. Kampuni inakwambia wazi kwamba haina, nawe unaniambia mimi kwamba inayo. Picha uliyoiweka kwenye statusi nayo huondoka baada ya saa 24. Na akaunti isiyoguswa kwa siku 120 WhatsApp kwa kawaida huifuta, hivyo aliyekaa kambini miezi mitano bila simu asishangae hata magrupu yakikataa.

"Lakini WhatsApp ina nakala yake Google, shemeji aliniambia." Inayo, kama uliiwasha. Nakala hiyo haikai kwenye namba peke yake, inakaa ndani ya akaunti ya Google, yenye anwani ya barua pepe na neno la siri. Kwa hiyo mimi nami huuliza: anwani yako ni ipi? Kimya. Nani aliifungua? "Aliyeniuzia simu."

Hili linanitia hasira kuliko yote. Muuzaji anataka simu iwake haraka mteja aondoke, basi anabuni anwani, anabuni neno la siri, haandiki popote, na kesho hakumbuki. Miaka minne ya maisha ya nyumba nzima inaingia kwenye sanduku ambalo ufunguo wake ulitupwa siku ya kwanza. Hata akaunti isiyofunguliwa kwa miaka miwili Google inaweza kuifuta na vilivyomo. Kanuni hiyo ilianza kutekelezwa Desemba 2023. Muuzaji anayesoma hapa: mwandikie mteja anwani na neno la siri kwenye karatasi, au mwache afungue mwenyewe. Ni dakika tano.

Tena kuna tatizo la kwetu hasa. Programu hizi, ile ya Google Photos na nakala ya WhatsApp pia, zisipobadilishwa hungojea waifai ndipo zipandishe picha. Katika nyumba za Bwegera waifai iko wapi? Tunanunua mega za siku. Nimefungua simu za watu waliojisifu kwamba "Google inanihifadhia," nikakuta imeandikwa kwamba inasubiri waifai, na imesubiri tangu siku simu iliponunuliwa. Haikupanda hata picha moja.

Kisha anakuja tabibu wa uongo. Mtu ameambiwa kuna fundi mjini mwenye programu ya kurudisha picha zote, dola ishirini, nusu mbele. Sikilizeni. Simu za Android zilizotoka na mfumo wa 10, ule wa 2019, na zile za baadaye, zinafunga kila kilichomo kwa ufunguo ulio ndani ya simu hiyohiyo. Simu ikirudishwa upya kama ilivyotoka kiwandani, ufunguo unafutwa, na kilichobaki ni takataka zisizosomeka na fundi yeyote, awe wa Uvira, Bujumbura au Ulaya. Ikiwa simu yenyewe imebaki Gatumba, kule Burundi, mikononi mwa mtu mwingine, programu itarudisha kutoka wapi? Mafundi hao wanaonyesha vipicha vidogo vya ukungu vilivyosalia ndani ya programu nyingine, mteja anamwona mwanawe kwa ukubwa wa kucha, analipa nusu ya pili.

Kuna mambo mawili tu ya kujaribu. Picha uliyoifuta leo kwa kidole, fungua kapu la takataka la programu ya picha: kwa kawaida hukaa humo siku 30, na 60 katika Google Photos ikiwa ilikuwa imepanda. Na kama ilifutwa kwenye karti ya memori, ichomoe sasa hivi, usipige picha nyingine hata moja juu yake, uilete. Hapo uwezekano upo. Yaliyobaki ni kumlipa mtu akudanganye.

Kuna jambo dogo kuhusu WhatsApp ambalo hata mafundi wenzangu hulipuuza. Picha ikipita humo kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mega 3 zikashuka hadi kilobaiti mia chache, na kitufe cha HD kilichokuja 2023 kinapunguza uharibifu, hakiuondoi. Utaligundua siku ya matanga, mnapotaka kumchapisha marehemu kwenye bango, na uso wake ukatoka kama umeonekana ndani ya maji. Tena tarehe iliyokuwa imeandikwa ndani ya picha huondolewa. Lile jina refu lenye herufi WA karibu na mwisho lina tarehe ya siku uliyoipokea, si siku ilipopigwa. Nimepanga picha za familia moja ambamo mzee aliyekufa 2016 alionekana kuhudhuria sherehe ya 2023, kwa kuwa ndipo mjukuu alipoituma kwenye grupu. Dawa yake ni kutuma picha kama waraka: gusa alama ya kibanio, chagua waraka, kisha picha. Inafika nzima, na jina lake, na tarehe yake.

Sasa ufanye nini. Nitakwenda mbio, haya si magumu.

Kwanza chagua. Katika picha elfu nne, elfu tatu ni salamu za asubuhi, maua, na picha ileile mara sita. Familia haihitaji zaidi ya mia tatu kwa kuanzia. Kwa mega 3 kila moja, hizo hazifiki giga moja. Zitie kwenye folda zinazoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha tukio: 2019-08 Harusi ya Luvungi. Zitajipanga zenyewe. Picha za karatasi za wazee zitoe kwenye albamu, ziweke kivulini karibu na mlango, uzipige bila taa ya simu, na uandike majina ya watu palepale, bibi akiwa yupo wa kuyataja.

Kisha nakala. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni ambayo sijaona bora yake: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja iwe mbali na nyumba. Watu hapa wanashika mbili za kwanza na kuiacha ya tatu, yaani ile hasa inayotuhusu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, nyumba ziliondoka na kila kilichokuwa ndani. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda 2021, likapanda tena 2024, likaingia vyumbani. Flashi iliyo kabatini na simu iliyo juu ya kabati hufa siku moja. Peleka flashi moja kwa ndugu wa Bujumbura au Kigoma, kwa mkono wa mtu unayemwamini. Waya wa OTG unaounganisha flashi na simu unapatikana sokoni, hauhitaji kompyuta wala mega. Kila mwaka ichomeke, ufungue picha, uinakili upya ikibidi. Flashi iliyosahauliwa miaka mingi chini ya bati la joto hupoteza kilichomo.

Usinunue karti ya memori ya giga 512 kwa bei ya soda chache. Ndani ina giga 8 au 16, imefundishwa kudanganya. Itapokea picha zako zote, itaonyesha majina yote, na zilizozidi kipimo hazitafunguka kamwe. Ijaze mpaka juu kwa video zisizo na thamani, ufungue ya kwanza na ya mwisho, ndipo uipe picha za mama yako.

Akaunti ya Google fungua yako mwenyewe, andika neno la siri kwenye karatasi mbili, moja uiweke na vyeti, nyingine kwa ndugu yule mwenye flashi. Ruhusu zile mia tatu tu zipande kwa mega, usiku rezo inapotulia. Giga 15 za bure zinatosha, ijapokuwa tangu 2024 nakala ya WhatsApp nayo inakula humohumo, na zama za picha bila kikomo zilikwisha Juni 2021. Aliye na hofu ya vizuizi vya barabarani, na wengi tunayo, apandishe kwanza, ahakikishe zimefika, kisha aitoe akaunti kwenye simu ile na kufuta picha zilizomo kabla ya safari. Usianze na kufuta: ukifuta kwenye simu iliyounganishwa na Google, unafuta na kule juu. Na ishirini zilizo bora kuliko zote zichapishe kwenye karatasi.

Kabla hujaniletea simu, azima ya jirani kwa robo saa. Ingia na anwani yako na neno lako la siri, bila karti yako, bila namba yako. Picha zikijitokeza pale, unazo. Zisipojitokeza, na simu yako ya zamani ingali mkononi na inawaka, njoo leo na flashi.