Sauti ya Babu, Tarakilishi ya Mtumba na Shilingi 20,000

Leo sikuletei insha ya kubuni. Nataka nikueleze jinsi sisi watu wa kipato cha chini tulivyojipatia nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, tarakilishi, spika na mahali pa kuhifadhia sauti kwa shilingi 20,000. Nitakueleza pia jinsi kosa la shilingi 700 lilivyotupotezea kitu ambacho hata milioni haikirudishi.

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mghani wa mashairi. Hakuchapisha kitabu wala hakusikika redioni. Alighani arusini na barazani, na Baba, wakati huo kijana, alikuwa akimnasa kwa redio yake ya kaseti. Zilibaki kaseti 23 ndani ya mkebe wa Kimbo juu ya kabati. Mtu asiyejua atadhani zikikaa huko juu bila kuguswa ziko salama. Wapi! Ndani ya kaseti mna utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na sauti yote imo katika unga huo. Joto na unyevu wa Pwani huota ukungu juu yake, na gundi inayoushika unga huchoka kadiri miaka inavyopita. Kampuni ya Philips ilitoa kaseti za aina hii mwaka wa 1963, kwa hivyo nyingi zilizomo majumbani mwetu sasa ni wazee kuliko wazazi wetu wengine.

Basi likizo ya Desemba 2023 nikapiga moyo konde. Nikaazima kipakatalishi cha binamu yangu, nikanunua barabarani flashi iliyoandikwa gigabaiti 128 kwa shilingi 700, nikaanza kuhamisha. Kaseti 9 kwa siku 5! Nilijiona profesa. Kaseti ya 8 ilitafunwa na mashine mara tu ilipomaliza kunaswa. Utepe ukatoka umekunjamana kama matumbo ya kuku, kisha ukakatika vipande vipande nilipojaribu kuunasua. Nikasema haidhuru, sauti nimeshaipata. Nikanakili kila kitu kwenye flashi, nikafuta katika kipakatalishi ili nisimjazie mwenyewe, nikakirudisha kwa shukrani.

Kumbe! Siku ya kumsikilizisha Nyanya, kaseti 6 za kwanza zililia vizuri. Ya 7, ya 8 na ya 9 zilikuwa majina matupu. Ukibonyeza, kimya. Mwalimu wetu wa tarakilishi aliipima ile flashi kwa programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huandika data hadi chombo kijae kisha huisoma tena kuona kama imo. Kilichokuwamo kweli kilikuwa gigabaiti 4. Aliyeitengeneza aliidanganya mashine iseme 128, na kila kilichozidi kilimwagika kama maji juu ya mtungi uliojaa. Kaseti ya 7 na ya 9 nilizinasa upya baadaye. Ya 8 ilikuwa na shairi ambalo Babu alimghania Nyanya siku ya kutimiza miaka 30 ya ndoa yao. Nyanya hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hiyo ya manane ndiyo ile yangu?" Sikuweza kumjibu.

Baada ya hapo tukafanya harambee ya nyumbani. Baba, Mama, mjomba aliye Nairobi na shangazi aliye Maskati walichanga hadi zikatimia 20,000. Sasa nikaanza kufikiri kwa mpango niliopaswa kuufuata tangu mwanzo, yaani kuhesabu kwanza nitahifadhi nini na wapi, ndipo nitafute mashine. Watu wengi hufanya kinyume. Hununua spika zenye taa za rangi, kisha tarakilishi, na senti zilizobaki ndizo za kununulia mahali pa kuhifadhi. Spika ikiharibika utanunua nyingine, lakini sauti ya mtu aliyekufa haina duka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tarakilishi ikinasa kwa kiwango cha CD huipima sauti mara 44,100 kila sekunde, kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila kipimo huchukua baiti 2. Ukizidisha utapata baiti 176,400 kwa sekunde, karibu megabaiti 10 na nusu kwa dakika. Kwa hivyo kaseti ya C60, yaani ya dakika 60, hula takriban megabaiti 635, na ile ya C90 hukaribia 950. Kaseti zetu zote 23 hazikufika hata gigabaiti 18! Sikuhitaji diski kubwa hata kidogo. Nilihitaji diski za kweli, na zaidi ya moja. (Baadaye nilitanabahi kwamba Babu alinaswa kwa kipaza sauti kimoja, hivyo njia moja ingetosha na nafasi ingepungua kwa nusu. Wewe usirudie uzembe wangu.)

Tarakilishi tuliipata kupitia kwa mjomba katika barabara ya Luthuli, Nairobi. Ni ya mezani, ya HP, mtumba uliotumika katika ofisi za Ulaya, zile wauzaji huziita "eksi-yukei". Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 4 na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Pamoja na kiwambo cha inchi 19, kibodi na kipanya, ilitutoka 12,500. Mbona si kipakatalishi? Kwa sababu ya mezani hufunguka kwa bisibisi moja, na kila kipuri chake fundi anacho. Tena ina matundu matatu ya sauti nyuma, na hayo ndiyo niliyoyataka: la kijani hutoa sauti kwenda kwenye spika, la waridi ni la kipaza sauti, na la buluu hupokea sauti kutoka mashine nyingine. Vipakatalishi vingi vina tundu moja tu linalofanya kazi ya mbili, na sauti inayoingia humo huja na mvumo.

Jambo moja wauzaji hawakwambii. Mashine za umri huu hazimo katika orodha ya zile ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Sisi tuliweka Linux Mint, ambayo ni ya bure, na kwa kazi hii haijatukwamisha.

Sasa diski. Ndani yake tulitia SSD ya gigabaiti 240 kwa shilingi 2,800. Aina hii haina kitu kinachozunguka, na mashine kuukuu huamka kama kijana. Halafu tukanunua diski mbili za mtumba za gigabaiti 500, zile zenye sahani zinazozunguka, kwa 1,500 kila moja. Hapa fungua macho. Diski yenyewe huweka kumbukumbu ya saa ilizofanya kazi na sehemu zake zilizokufa, na programu za bure kama CrystalDiskInfo hukuonyesha. Moja ya zile tulizopewa ilisoma saa 31,000, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kulala, na tayari ilikuwa na sehemu mbovu. Muuzaji alinuna, lakini akaibadilisha. Ukimwona muuzaji anakataa kukupimia, nenda duka la pili.

Shilingi 1,000 nyingine tuliiweka kwenye kikinga-stima, kile kidude ambacho watu hukiita tivi-gadi. Kwetu stima hupotea bila hodi na hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho huua mashine. Kidude hiki hungoja kidogo hadi umeme utulie. Hakiwezi kuiwasha tarakilishi stima ikipotea, kwa hiyo hifadhi kazi yako kila upande wa kaseti unapokwisha.

Redio ya Baba ilikuwa imegoma pia. Nilimpelekea fundi karibu na soko la Kongowea nikiwa nimekata tamaa. Akaifungua, akacheka. "Mwanangu, hii haijafa. Mpira wake ndio umelegea." Aliweka mpira mpya, kwa shilingi 500 pamoja na kazi yake, na akanifunza mambo mawili ambayo sitayasahau. La kwanza, kichwa cha kusomea kisuguliwe kwa pamba iliyochovywa spiriti kila baada ya kaseti chache, kwa sababu unga unaobanduka hukigandia na sauti huwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. La pili, kando ya kichwa hicho kuna skrubu ndogo. Kizungushe polepole sana huku kaseti inalia, na utafika mahali ambapo maneno yanafunguka ghafla. Nilipofanya hivyo nyumbani, Nyanya aliyekuwa jikoni alitoka na mwiko mkononi.

Redio hiyo haina tundu maalumu la kutolea sauti, basi nilitumia lile la visikizi. Waya wa shilingi 200 ukatoka hapo hadi tundu la buluu. Sauti ya redio iwe katikati, isiwe juu. Programu ya kunasia ni Audacity, nayo pia ni ya bure. Ina mistari inayopanda na kushuka, na ikigonga mwisho vichwa vya mawimbi hukatwa, wala huwezi kuvirudisha vilivyokuwa. Afadhali sauti iwe ndogo kidogo, utaikuza baadaye. Kabla ya kucheza kaseti ya zamani, izungushe kwanza kwa penseli ili utepe uachane. Laiti ningeijua hiyo kabla ya kaseti ya 8!

Spika sikununua kabisa. Nyumbani tulikuwa na woofa, kama nyumba nyingi za Kenya, na waya wenye kichwa kimoja chembamba upande huu na viwili, chekundu na cheupe, upande ule ulikuja nayo. Boksi lake limeandikwa wati 9,800. Jamani! Plagi ya nyumbani ya ampia 13, kwa volti 240, haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,120. Hizo 9,800 ni za kumvutia mnunuzi. Wati za kweli soma kwenye kibandiko cha nyuma. Cha kwetu kinasema 60, na ni tele kwa sebule. Mjomba alitaka kutupa amplifaya kutoka Japani, tukaikataa kwa heshima kwa sababu huko stima yao ni volti 100, na kuichomeka kwetu moja kwa moja ni kuichoma. Ukimsikiliza mghani, shusha besi hadi chini, la sivyo ngurumo itameza silabi na hutajua kina kiko wapi.

Kaseti sasa ni 22 salama, kila moja ikiwa na jina, na mwaka pale Baba alipoukumbuka. Nakala kamili haijabanwa, imo katika tarakilishi. Ya pili imo katika diski iliyo chumbani kwa Mama. Ya tatu iko Nairobi kwa mjomba, ndani ya sanduku la nguo, kwa sababu moto au mwizi akija Kisauni hatabagua diski. Kila likizo mjomba huja nayo, tunaijaribu, kisha hurudi nayo. Zile za kutuma Maskati nilizibana kuwa MP3, ambazo hazifiki megabaiti 60 kwa saa, na shangazi huzisikiliza katika simu.

Vipande vya kaseti ya 8 nimevitia katika bahasha pamoja na maganda yake. Yule fundi wa Kongowea anasema utepe uliokatika huungwa kwa gundi-tepe maalumu nyembamba, kipande kwa kipande, ukijua kipi kinafuata kipi. Nimehesabu vipande 41. Likizo ijayo Nyanya atakaa nami, kwa maana yeye ndiye anayelikumbuka shairi.