Je, Wajua? Wapenzi wa Thebes, Askari wa Tanga

Je, wajua kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na kikosi teule cha wanaume wapenzi? Kiliitwa Kikosi Kitakatifu cha Thebes: watu 300, yaani jozi 150. Kamanda Gorgidas alikiunda mwaka 378 KK hivi. Hoja ya kukiunda ilikuwa hii: mtu huenda akathubutu kukimbia mbele ya wenzake, lakini akitazamwa na ampendaye ataona bora afe.

Je, wajua walikula kiapo wapi? Kwenye kaburi la Iolaus, sahibu wa shujaa Heracles. Chakula na malazi yao vilitoka kwenye hazina ya mji.

Je, wajua kwamba mwanzoni walitawanywa katika mstari wa mbele wa jeshi zima? Kamanda Pelopidas ndiye aliyewafanya wapigane bega kwa bega, baada ya kuona walivyowatimua Wasparta waliowazidi idadi huko Tegyra, mwaka 375 KK. Miaka minne baadaye, walipopigana Leuctra, mfalme Cleombrotus wa Sparta aliuawa, na ubabe wa Sparta haukurudi tena.

Mwisho wa kikosi hicho ulikuwa Chaeronea, 338 KK, mbele ya Philip wa Makedonia na mwanawe Alexander, kijana wa miaka 18. Mwaka 1818 Mwingereza mmoja alikuwa akipita hapo na farasi wake akajikwaa kwenye jiwe. Lilikuwa kipande cha sanamu kubwa ya simba. Mwaka 1880 wachimbaji walifukua kando yake mifupa ya watu 254, imelazwa kwa safu saba, na baadhi yao walizikwa wakiwa wameshikana mikono. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka habari ya mapenzi, kwa kuwa mwandishi Plutarch, anayeisimulia kwa kirefu, aliandika zaidi ya miaka 400 baadaye. Lakini Plutarch alikuwa mwenyeji wa Chaeronea hiyohiyo, na mimi simpuuzi mtu anayesimulia habari za kwao.

Sasa tuje kwetu, pwani ya Afrika Mashariki. Je, wajua kwamba huku nako wanaume walifungamana kwa kiapo? Si mapenzi kama ya Thebes, bali undugu wa kuchanjiana: wawili walichanjwa, damu ikapakwa kwenye kipande cha nyama, kila mmoja akala cha mwenzake. Tangu siku hiyo kumtupa mwenzako kulikuwa laana. Mjerumani Carl Peters aliijua nguvu ya kiapo hicho. Mwaka 1884 alitoka Saadani kwenda bara, akachanjiana na watawala aliowakuta, kisha akawawekea mbele hati za kuitoa nchi yao. Ndugu gani huyo!

Je, wajua kwamba askari wa mwanzo wa Wajerumani hawakuwa wa hapa? Mwaka 1889 kamanda wao Wissmann aliajiri Wasudani huko Cairo na Washangaan kutoka Msumbiji, ili kumpiga Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Wasudani walikuja na wake na watoto. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo.

Na hapa ndipo penye fundisho la kijeshi. Mjerumani hakuwatenga askari na familia zao. Bomani kulikuwa na wake, watoto na maboi, na vita vilipoanza wote walifuata msafara. Wanawake walibeba mizigo, wakapika, wengine wakajifungulia njiani. Tusipambe mno: baadhi yao walikuwa mateka, na askari hao walikwisha kuchoma vijiji vingi vya Waafrika wenzao. Lakini askari aliyekimbia alijua anaacha nini nyuma.

Je, wajua kilichotokea Tanga tarehe 4 Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza? Waingereza walikuwa wameshusha watu wapatao 8,000 Ras Kasone. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na 1,000 hivi, wengi wamewahishwa kwa treni kutoka Moshi. Jeshi la Mwingereza lilikuwa la kuokotezwa: vikosi ambavyo havijawahi kupigana pamoja, vimechoshwa na wiki kadhaa za bahari, vingine vimepewa bunduki mpya juzijuzi. Kikosi cha 63 cha Palamcottah, cha Wahindi, kilivunjika mapema. Wanajeshi wa Kashmir waliingia hadi mjini. Hao walitoka dola moja chini ya maharaja wao, na sidhani kwamba waliufikia mji kwa bahati tu.

Yapo pia masimulizi ya nyuki waliowavamia wapiganaji. Ila wajua kwamba hawakuchagua upande? Mizinga ilikuwa juu ya miti, risasi zikaivuruga, na wapiga bombomu wa Kijerumani nao waliumwa. Hadithi kwamba Wajerumani waliwatega makusudi ni uzushi wa aliyeshindwa.

Tarehe 5 Waingereza walipanda meli wakaacha bunduki, bombomu na risasi laki kadhaa. Kwa Wajerumani alikufa afisa wao Tom von Prince, maarufu kama Bwana Sakarani. Amezikwa mjini Tanga, kwenye makaburi ya Wajerumani, na askari wa Kiafrika wamelala humohumo.

Waingereza waliuchukua mji tarehe 7 Julai 1916. Safari hiyo hawakuhitaji vita, maana Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka.