Sifa: Hili Neno Tunalitupa Kila Siku, Unajua Limetoka Wapi?

Msee akipiga picha na gari ya wenyewe pale steji ya Keroka, halafu aposti kama yake, utasikia tu: "Huyu anapenda sifa!" Jumapili uko kanisani, unaambiwa ni wakati wa sifa na kuabudu. Neno ni moja, lakini mara ni tusi, mara ni ibada. Inakuwaje?

Sifa ilitoka Kiarabu, na huko si lazima mtu awe maarufu ndio awe nayo. Ni vile kitu kilivyo, basi. Kama hukusinzia kwa somo la Kiswahili, unakumbuka kivumishi cha sifa: mrefu, mweusi, mkali. Hapo hakuna makofi, ni maelezo tu. Mzizi huo huo wa kueleza ndio ulitupa "wasifu", ile karatasi unazungusha mjini ukitafuta kazi.

Kiswahili kikabeba pia ile maana ya maelezo mazuri, ndio tuko na kusifu na kusifiwa. Mtaa nao ukaongeza misifa, zile mtu hujipa mwenyewe. Wazee walishamaliza hiyo stori kitambo: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa shika hapa. Kama sifa ni maelezo, basi mara nyingi wenye kukueleza ni watu wengine. Na wanaweza kudanganya.

Huku Nyamira na Kisii hiyo si mchezo. Nyanya akishaitwa "omorogi", yaani mchawi, kujitetea ni ngumu. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wamama wanne wazee waliuawa juu ya kushukiwa uchawi. Hakuna korti ilikuwa imewapata na hatia. Ni maneno ya watu tu.

Na ujue Sheria ya Uchawi, ya tangu 1925, inafanya kumshutumu mtu hivyo kuwa kosa. Ukiwa na shaka, unapeleka kwa chifu ama polisi, si kwa umati.

Kwa hivyo ukipenda sifa, hiyo ni shida ndogo. Tutakucheka na maisha iendelee. Chunga ile sifa unampa mwenzako. Kabla uforwadi ile "inasemekana" kwa grupu ya WhatsApp ya kijiji, jiulize swali moja tu: umeona, ama umesikia?