Taka za Jikoni Zitenganishwe Kabla ya Kufika Mlangoni

Kiroba cha taka kinachosubiri gari kwa siku kadhaa huwa kizito, huvuja maji na kujaa inzi. Uzito huo hautokani na chupa wala karatasi. Sehemu kubwa ya taka za kaya katika miji ya Tanzania ni mabaki ya jikoni: maganda ya ndizi na viazi, majani ya mboga, mabaki ya ugali na wali. Yakichanganywa na taka nyingine, mabaki hayo huchafua hata vitu ambavyo vingeweza kuuzwa.

Gari likichelewa, wapo wanaotupa mzigo huo mtaroni usiku. Mvua inaponyesha mtaro huziba, maji machafu huingia majumbani, na kipindupindu hupata njia. Wengine huchoma taka uani, ilhali moshi wa plastiki una sumu inayowadhuru kwanza watoto na majirani.

Njia rahisi ni kuwa na vyombo viwili: ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya taka zinazooza, na kiroba kwa ajili ya taka kavu. Maganda na majani mabichi yanaweza kupewa mbuzi au kuku siku hiyo hiyo. Yanayobaki hutengenezwa mboji.

Mboji huhitaji shimo fupi, au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini na ubavuni. Hutangulizwa tabaka la majani makavu, kisha mabaki ya jikoni, kisha udongo kidogo, na mpangilio huo hurudiwa. Nyama, samaki na mafuta visitiwe, kwa kuwa huvuta panya. Rundo ligeuzwe kila baada ya wiki moja au mbili ili lipate hewa. Likiminywa mkononi, lishikamane bila kutiririsha maji. Likinuka, limezidi maji au limekosa hewa. Liongezwe majani makavu na kugeuzwa. Baada ya miezi miwili hadi mitatu huwa jeusi na lenye harufu ya udongo, tayari kwa bustani ya mchicha au matembele.

Kwa upande wa taka kavu, chupa za plastiki, makopo na vyuma chakavu vina wanunuzi, mradi viwe safi. Vioo vilivyovunjika na sindano vifungwe peke yake ili visiwajeruhi wazoaji taka. Aidha, taka iliyo nafuu kuliko zote ni ile isiyoingia nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kikapu cha ukili hutumika kwa miaka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia na kupunguza taka ngumu. Hata hivyo, hakuna gari linaloweza kutenganisha kile kilichochanganywa jikoni.

Katika nyumba za kupanga, shimo moja la mboji latosha wapangaji wote, mradi wakubaliane zamu za kuligeuza. Wanaohitaji maelekezo zaidi wafike kwa Afisa Afya au Afisa Kilimo wa kata yao.